Isale la Kona ya Nne

Watu wanaoshtakiwa kwenye chama cha wapima ardhi wana tabia zao. Yupo anayekana kila kitu, nusura akane na jina lake. Yupo anayemsukumia lawama kibarua, yupo anayesema mashine ilikuwa mbovu, na yupo anayeugua ghafla siku ya shauri, akalazwa katika hospitali ambayo hata mkewe haijui ilipo. Honorata Senkoro, mkaguzi wa maadili wa chama, alikuwa amewazoea wote hao. Hakuwa amewahi kukutana na mshtakiwa anayekimbilia kukiri, kama Mzee Eliufoo Msuya alivyokiri jana yake, sebuleni kwake mjini Same, kabla hata chai haijamiminwa.

"Nimepima mwenyewe, nimekosea mwenyewe," mzee alisema. "Andika hivyo, mwanangu. Andika uzee. Kamati inipe onyo, tumalize."

Honorata alimpa ramani aitazame. Mzee aliipokea, akaikunja, akaiweka pajani kama mtu aliyeishiba siku nyingi. Binti yake, Blessing, akamletea kikombe cha chai, akamshikisha mkononi, akamkunjia vidole taratibu kwenye mkono wa kikombe. Honorata aliliona hilo, akadhani ni adabu ya binti aliyelelewa vizuri.

Kosa lenyewe halikuwa dogo. Kule juu kijijini Mamba kuna ndiva, bwawa la udongo ambalo wanakijiji hulijaza maji ya kijito usiku na kulifungulia asubuhi, kila mtu na zamu yake, toka enzi za babu zao. Sasa ndiva hiyo ilikuwa imeonekana kwenye ramani ya upimaji ikiwa ndani ya shamba la Anderson Mbaga, mnunuzi wa tangawizi. Ramani ilikuwa na muhuri wa Mzee Eliufoo na saini yake. Anderson hakungoja; alitia kufuli kwenye mlango wa maji. Na ilikuwa kiangazi.

Hapo ndipo kanuni za chama zilipokuwa na makali pande zote mbili. Mpima akikosea kipimo hupewa onyo, na ramani yake hubaki hai mpaka mahakama iseme vingine, na mahakama husema tangawizi ikishaoza. Lakini ikithibitika kwamba mpima hakukanyaga shamba, kwamba alimwazima muhuri mtu asiyesajiliwa, ramani hufa siku hiyohiyo, na jina la mwenye muhuri hufutwa kwenye rejista, wala halirudi. Kwa hiyo ama Mzee apate onyo lake na Mamba wabaki na kiu, ama Mamba wapate maji na Mzee afutwe. Kamati ilikuwa inakaa Moshi kesho asubuhi.

Na Honorata, kazi yote aliyoijua ya kusoma ardhi, alifundishwa na Mzee Eliufoo.

*

Kurwa wa bodaboda alikuwa na mdomo usiopumzika hata pale injini ilipopumzika. Walikuwa wamesimama kwenye kona moja ya mlima, pikipiki inapoa, ukungu umewafunika mpaka bonde halionekani. Ukungu wa kiangazi kule juu hulowanisha nguo, lakini shamba haulinyweshi.

"Mzee Eliufoo?" Kurwa alisema. "Huyo, dada, huku juu hajaonekana toka mkewe azikwe. Anayekuja ni mkwewe, Rodgers, na yale madude yake ya miguu mitatu."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimembeba mwenyewe, mwezi wa tano, yeye na madude. Akanishika bega, akaniambia, Kurwa, usimwambie Rogathe wa kamati ya maji kama nimekuja."

"Na mimi unaniambia."

"Kwani wewe ndiye Rogathe?"

Honorata alicheka, lakini hakuandika. Mtu kubeba vyombo vya mkwewe si kosa. Rodgers alikuwa fundi wa Mzee miaka yote, ingawa usaili wa kusajiliwa na chama ulikuwa umemshinda mara kadhaa. Fundi anaweza kutangulia na darubini, mpima akaja nyuma kwa gari la mtu, na kamati ndivyo itakavyosema. Alihitaji kitu ambacho ardhi yenyewe ingekisema.

Rogathe, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliwapokea penye ndiva. Mama wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya sweta la mwanaume, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe wa chama?"

"Ndiye mimi."

"Tulidhani watamleta mtu mwenye pingu."

"Pingu sina, mama. Ninachoweza kumnyang'anya mtu ni muhuri tu."

Rogathe akamtazama juu mpaka chini. "Basi tutaona kama muhuri unanywesha tangawizi."

Ndiva ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, nyeusi, imetulia, na kwenye mlango wake wa mbao lilining'inia kufuli jipya kabisa. Chini yake, mteremko mzima, majani ya tangawizi yalikuwa yamegeuka rangi ya karatasi kuukuu. Wanawake wawili walikuwa wanang'oa mapema ili wakute walau kidogo, na walichokuwa wakikitoa kilikuwa kimesinyaa kama vidole vya mgonjwa. Hakuna aliyeinua kichwa kumsalimia mgeni.

Honorata alianza na bikoni ya kwanza, alama ya kona ya shamba. Ilikuwa zege safi, chuma katikati, namba imeandikwa vizuri. Akaomba jembe.

Mzee Eliufoo alikuwa na desturi yake. Katika kila shimo la bikoni, kabla hajamwaga zege, alisimamisha chupa tupu ya soda, kichwa chini. Mwenye tamaa akija kuihamisha bikoni, ataondoka na zege na kuiacha chupa, na chupa itasema mpaka ulikuwa wapi. Chuoni hawakulifundisha jambo hilo na chama hakikulidai. Wanafunzi wake walimcheka, wakamwita Mzee Soda, halafu wakaenda makazini kwao wakafanya vilevile. Yeye hakuwahi kuacha hata mara moja. Kijijini kukikosekana soda, kazi ilisimama mpaka mtu atumwe dukani.

Chini ya bikoni ya kwanza hapakuwa na kitu. Ya pili, hapakuwa na kitu. Ya tatu walichimba wakapita udongo mweusi, wakakuta mwamba.

"Kama ni soda unatafuta," Rogathe alisema, "duka liko kule chini."

"Natafuta chupa tu, mama. Soda ilishanywewa."

"Na usipoipata?"

"Nisipoipata ndiyo nimeipata."

Rogathe hakuelewa, na Honorata hakupata nafasi ya kumweleza, maana gari dogo lilikuwa limesimama barabarani na Anderson Mbaga alikuwa anashuka. Mtu mnene, mpole wa sauti, kofia ya sherehe za kanisani kichwani siku ya kazi.

"Dada mkaguzi, karibu shambani kwangu."

Wanawake wa chini waliacha kung'oa. Rogathe alitema mate pembeni, si mbali sana na kiatu cha Anderson.

"Nani alikupimia?" Honorata aliuliza.

"Si ni Mzee Eliufoo! Muhuri wake umeuona."

"Alikuja mwenyewe?"

"Alikuja. Alikaa pale kwenye jiwe, nikammiminia chai kwa mkono wangu huu. Mzee wa watu, kazi yake haina shaka. Akazunguka kona zote nne, namwona."

"Kona ya nne iko wapi?"

Anderson alinyoosha mkono kuelekea kwenye miti mikubwa nyuma ya ndiva, lakini hakuangalia alikonyoosha. "Kule. Ipo kwenye ramani."

"Nipeleke."

"Aa. Mimi nina watu wananingoja kwenye mizani, dada."

"Ni mwendo mfupi tu. Ni shamba lako."

"Nimesema nina watu wananingoja." Akarudi kwenye gari lake. Aliligeuza kwa shida kwenye njia ile nyembamba, wanawake wamesimama wanamtazama, na pale alipopiga honi hakuna aliyesogea.

"Huyu leo hawezi kuingia pale," Rogathe alisema gari lilipopotea kwenye ukungu. "Wala kesho. Si ni Mpare?"

Pale palikuwa mpungi, msitu mdogo wa ukoo, miti ambayo haijaonja shoka. Wazee waliotangulia walilazwa humo kabla kanisa halijapanda mlima.

"Jumapili wote tuko kanisani," Rogathe alisema, "na huyo Rodgers wenu ndiye anaimba besi. Lakini jembe halijawahi kuingia humo, wala mtalimbo. Unaweza kuingia ukaangalia. Macho hayajakatazwa. Kuchimba, hapana."

"Nikiangalia inatosha."

Kurwa alikumbuka ghafla kwamba mnyororo wa pikipiki unahitaji kukazwa. Honorata akaingia peke yake, kipimo cha setilaiti mkononi, akifuata namba za ramani. Ndani kulikuwa na baridi ya aina yake. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani ingawa mvua haikunyesha. Namba zilimsogeza kushoto, zikampitisha penye mawe yaliyoota kuvu, zikamsimamisha.

Kwenye ramani, pale aliposimama paliandikwa bikoni ya zege, kama kona nyingine tatu. Ardhini hapakuwa na zege. Hapakuwa na shimo, wala chuma, wala tone la saruji. Palikuwa na isale, ule mmea wa mipakani, limepandwa peke yake, majani yamesimama kama mikuki, bado changa. Alichuchumaa. Udongo uliolizunguka ulikuwa umefukuliwa kwa vidole; alama zake zilikuwa zimeganda humohumo, vidole vinne na dole gumba.

Alitoka nje akamweleza Rogathe alichokiona. Kwa mara ya kwanza uso wa yule mama ulilegea.

"Isale hatukupanda sisi."

"Nyie si mnalipanda mipakani?"

"Mpakani ndiyo. Lakini mpakani tunalipanda mchana, majirani wote wawili wamesimama. Anayelipanda peke yake, kwa mkono, mahali kama hapo..." Alibadilisha jembe bega. "Huyo anaomba radhi."

"Kwa nani?"

"Kwa waliolala humo. Mgeni hawezi kulipanda. Nani atamsikia? Aliyelipanda ana mtu wake ndani."

"Mzee Eliufoo?"

"Huyo kwao Usangi, huko kaskazini. Wafu wake wako hukohuko."

"Rodgers?"

Rogathe alitazama ndiva, kufuli, tena ndiva. "Babu yake ndiye aliyechimba bwawa hili," alisema. "Yuko humo. Penye mawe uliyopita."

Honorata alifunga kipimo chake kwenye mfuko. Mambo yalikuwa yamejipanga bila kusukumwa. Zile kona tatu zilichimbwa na mtu asiyejua siri ya chupa, au asiyejali. Kwa Rodgers, aliyefanya kazi na Mzee miaka yote, ni kutojali. Ile ya nne haikuchimbwa kabisa. Mtu aliyekuwa na roho ya kuchora maji ya kijiji kizima yakaingia kwa tajiri hakuwa na roho ya kupiga mtalimbo kwenye ardhi ya babu yake. Akaandika zege, akapanda isale, akaondoka.

Kilichobaki ni kitu kimoja. Kwa nini mzee wa watu, mwenye jina safi tangu alipopewa muhuri, aape kwamba kazi chafu ile ni yake?

Alilipata jibu kwenye kona ileile ya mlima waliposimama kupoza injini. Kurwa alimpa chupa ya maji, lakini Honorata, akili iko mbali, hakuiona. Kurwa akauchukua mkono wake, akamshikisha chupa, akamkunjia vidole.

"Vipi dada, umekuwa kipofu?"

Honorata alibaki ameishika ile chupa bila kuinywa mpaka Kurwa alipowasha pikipiki.

*

Same ilikuwa na upepo wake wa kila jioni, unaobeba vumbi la tambarare na kuligonga kwenye mabati. Mzee Eliufoo alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile. Blessing hakuwepo, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Redio ilikuwa inaongea chinichini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Honorata. Umepanda mlimani, nasikia harufu ya ukungu kwenye nguo. Hujambo?"

"Sijambo. Nina swali moja, halafu nakwenda Moshi."

"Uliza hata mawili."

Honorata alifungua mkoba. Humo kulikuwa na ramani mbili. Moja ya Mamba. Nyingine ilikuwa ya shauri jingine kabisa, njia ya ng'ombe ya wafugaji, kina Loserian, huko tambarare. Haikuwa na mlima, haikuwa na bwawa, na muhuri haukuwa wa mtu wa Same. Alimpa hiyo ya pili.

"Nithibitishie kwa mara ya mwisho. Hii ndiyo kazi yako ya Mamba?"

Mzee aliipokea. Aliikunjua magotini, akapitisha kiganja juu yake taratibu, akaweka kidole katikati ya njia ya ng'ombe.

"Ndiyo. Hapa ndiva, hapa ndipo nilipokosea. Na saini yangu hii hapa chini."

Redio iliendelea kuongea. Honorata alinyoosha mkono akaizima.

"Mwalimu," alisema. "Hiyo ni njia ya ng'ombe."

Mzee hakushtuka. Vidole vyake vilibaki pale vilipokuwa, halafu vikaanza kuikunja ile karatasi, pembe juu ya pembe, sawasawa kabisa, kama alivyowafundisha wanafunzi wake kukunja ramani porini.

"Tangu lini huoni, mwalimu?"

"Jicho la kushoto lilitangulia. La kulia lilimngoja mama Blessing azikwe, ndipo na lenyewe likaondoka. Mpima asiyeona. Ungekuwa wewe ungemwambia nani?"

"Ningekiambia chama. Kuna wanachama waliokabidhi mihuri yao kwa heshima, wakaagwa."

"Na ofisi ingefungwa. Rodgers hajasajiliwa. Blessing ana mimba. Nikasema nitamsainia mpaka apite huo usaili, kwa vile kazi anaijua. Akiniletea ramani ananisomea, ananiwekea kidole mahali pa saini. Hii ya Mamba alinisomea shamba, migomba, njia, kijito." Akageuza uso kuelekea sauti ya Honorata ilikokuwa. "Ndiva hakuisoma. Nimekuja kuisikia kwenye barua yenu ya mashtaka, Blessing ananisomea."

"Na bado ukakiri."

"Nilifikiri nikiita kosa la uzee, litakufa na mimi."

"Linakufa na tangawizi ya watu, mwalimu. Nimetoka kuwaona."

Upepo uligonga dirisha. Mzee akainuka. Alipita kati ya meza na kochi bila kugusa kitu, akafika kwenye kabati, akavuta droo, akarudi na muhuri umefungwa kwenye kitambaa cha flana. Akaupeleka mbele, mkono ulielea pembeni kidogo ya alipokuwa Honorata, naye akasogea ili ukute kiganja chake.

"Usiandike nimejiuzulu," mzee alisema. "Ukiandika hivyo faili linafungwa na ramani inabaki. Kanuni hiyo niliiandika mimi, nilipokuwa kwenye kamati. Andika nimefutwa."

"Nitaandika."

"Na ndiva?"

"Ramani ikifa kesho, kufuli halina haki ya kukaa pale kesho kutwa. Rogathe analo jembe, nimeliona."

Mzee akatabasamu kidogo, basi. "Na Rodgers mtamfanya nini?"

"Chama hakina la kumfanya. Si mwanachama. Tutawapa polisi jina lake, wao watajua la kufanya, au hawatajua."

"Kwa hiyo anayepoteza jina ni yule aliyekuwa nalo."

Honorata aliikunja flana vizuri juu ya muhuri.

Pikipiki ilizima nje ya mlango. Rodgers aliingia na mkate kwapani, mtu mrefu, vumbi kwenye nyusi, tabasamu la nyumbani usoni. "Shikamoo, baba. Aa, tuna mgeni." Kisha akaiona droo iko wazi, akaiona flana mkononi mwa Honorata. Tabasamu likabaki pale bila mwenyewe.

"Marahaba," mzee alisema. "Weka mkate. Kuna mtu ana swali kwako."

"Swali gani?"

"Dogo," Honorata alisema. "Isale la kona ya nne. Ulilipanda kabla ya kuchora au baada ya kuchora?"

Rodgers alimtazama mkwewe, aliyekuwa ameelekeza uso ukutani. Alitazama mlango. Alitazama vidole vyake mwenyewe.

"Kabla," alisema kwa sauti isiyofaa kuimba besi.

"Isale gani?" mzee aliuliza.

Rodgers alihamishia mkate kwapa jingine.

"Rodgers, nimeuliza. Isale gani?"

"Kwenye mpungi, baba. Pale alipolala babu. Sikuweza kuchimba. Nikapanda isale."

Mzee Eliufoo alipapasa hewa mpaka akaipata meza, akaegemea. Alikuwa Mlutheri wa Usangi, lakini hakuna Mpare anayehitaji kufafanuliwa jambo lile. Alitingisha kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu kitu kisha anakuta hesabu imekataa.

"Kwa hiyo uliwaomba radhi wale waliokufa," alisema. "Mimi nilikuwa hapa sebuleni kila siku."

Mkate ulikuwa bado kwapani mwa Rodgers. Hakuuweka. Honorata alitia muhuri kwenye mkoba, akafunga zipu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsindikiza, akatoka mwenyewe kwenye vumbi.